Motokari ngumu na motokari inayolinda mtu



Asubuhi, tukingoja bisi ya kwenda kazini, tunasikia mara nyingi maneno kama haya: «Motokari za leo ni makopo tu. Zile za zamani, zile kubwa za Marekani, zilikuwa chuma kweli. Zikigonga mti, mti ndio unaanguka.» Vijana wanacheka, lakini wengi wanakubali. Mlango wa motokari ya zamani ulikuwa mzito, ukifungwa ulilia kama mlango wa sanduku la fedha. Motokari ya leo, ukiigonga kidogo tu, pua yake inajikunja kama karatasi.

Katika ukurasa huu wa usalama na afya tunataka kuchunguza maneno hayo. Hatutaki kushindana na wazee wetu. Tunayachunguza kwa sababu yanaweza kuua mtu. Anayeamini kwamba chuma kigumu kinamlinda hafungi mkaba wa usalama, hapunguzi mbio, na anampakata mtoto wake mbele bila kuogopa. Tujue basi: maneno hayo ni ya kweli ao si ya kweli?

Bahati njema, hatuna haja ya kubishana bure. Kuna watu waliochukua motokari mbili za kabila moja, moja ya zamani na moja mpya, wakazigonganisha kwa makusudi ili kuona ni nani atakayetoka mzima. Tutawaeleza mambo hayo hatua kwa hatua.

MOTOKARI YA KWANZA: CHEVROLET BEL AIR YA 1959

Motokari hii ilitengenezwa na kompani General Motors ya Marekani. Siku zile Chevrolet kubwa ziliuzwa kwa majina matatu: Biscayne ilikuwa ya bei ndogo, Impala ya bei kubwa, na Bel Air ilikuwa katikati. Ilikuwa motokari ya jamaa ya kawaida, ya baba anayekwenda kazini na mama anayepeleka watoto shuleni.

Urefu wake ulipita metre 5 na sentimetre 30. Nyuma ilikuwa na mabawa mawili mapana yaliyolala, kama ya ndege anayetaka kuruka, na chini yake taa mbili zenye umbo la jicho la paka. Mbele na nyuma kulikuwa vyuma vya kung'aa. Hata sisi wachimba shaba tulikuwa na sehemu yetu katika motokari za wakati ule, kwa maana radiateri zao zilitengenezwa kwa shaba, na nyaya zao za umeme vilevile.

Sasa tutazame ndani. Ubao ulio mbele ya shofere ulikuwa wa chuma. Mti wa volani ulikuwa chuma kimoja kigumu kilichonyooka kama mkuki kutoka mbele hadi kwenye kifua cha shofere. Kiti cha mbele kilikuwa kirefu kama benchi, na hakikuwa na kitu cha kuzuia kichwa kwa nyuma. Mkaba wa usalama haukuwamo wakati motokari ilipotoka kiwandani. Na chini, shasi yake ilikuwa na umbo la herufi X: ilikuwa nyembamba katikati, bila nguzo ndefu za chuma pembeni.

Waliotengeneza motokari hii hawakuwa wajinga wala wabaya. Walifikiri uzuri, nguvu ya moteri na starehe. Jambo moja hawakulifikiri vya kutosha: mwili wa mtu utapata nini siku motokari itakaposimama kwa ghafula.

MOTOKARI YA PILI: CHEVROLET MALIBU YA 2009

Ya pili ni mjukuu wa ile ya kwanza. Kompani ni ileile, na kazi yake ni ileile, kubeba jamaa ya kawaida. Lakini miaka 50 ilikuwa imepita. Malibu ni fupi zaidi, karibu metre 4 na sentimetre 90. Haina mabawa wala vyuma vingi vya kung'aa. Ukiziweka pembeni moja ya nyingine, mtu asiyejua atachagua Bel Air. Na uzito? Hazikupitana sana. Tukumbuke neno hilo, kwa sababu wengi wanadhani ile ya zamani ilikuwa nzito mara mbili.

Malibu ina mikaba yenye kushika bega na kiuno, na mikaba hiyo inajikaza yenyewe mara moja ajali inapoanza. Ina mifuko ya hewa inayojaa kwa ghafula mbele ya shofere na abiria, na mingine pembeni. Mti wake wa volani unaweza kujikunja. Pua yake ilitengenezwa ili ipondeke. Chumba cha watu kilitengenezwa ili kisipondeke.

SIKU YA KUGONGANA

Huko Marekani kuna chama kiitwacho Insurance Institute for Highway Safety. Kilianzishwa mwaka wa 1959 na makampuni ya asiransi, kwa kuwa makampuni hayo ndiyo yanayolipa baada ya ajali, na yalitaka kujua namna ya kuzipunguza. Chama hicho kina nyumba ya majaribio katika jimbo la Virginia, mahali paitwapo Ruckersville. Kazi yake ni kuvunja motokari kwa makusudi na kupima kila kitu.

Mwaka wa 2009 chama kilitimiza miaka 50. Ili kuonyesha watu mambo yaliyobadilika katika miaka hiyo, kilitafuta Bel Air ya mwaka wa kuzaliwa kwake, 1959, na Malibu ya mwaka uleule wa 2009. Ndani ya kila motokari waliweka mtu wa bandia mahali pa shofere. Mtu huyo ana vyombo vya kupimia ndani ya kichwa, shingo, kifua na miguu, ili kujua mtu wa kweli angeumia namna gani. Yule wa Malibu alifungwa mkaba. Yule wa Bel Air hakuwa na mkaba wa kufunga.

Kila motokari ilikwenda mbio ya kilometre 64 kwa saa, moja ikielekea nyingine. Hazikugongana kwa pua nzima: upande wa kushoto wa moja uligonga upande wa kushoto wa nyingine, yaani upande wa shofere. Ndivyo inavyotokea mara nyingi barabarani, shofere mmoja anapotoka katika njia yake ili kupita kamyo.

Jambo lote lilimalizika kwa muda wa kupepesa jicho. Waliokwenda kutazama waliona nini?

Katika Bel Air, chumba cha watu kilikuwa kimepondeka. Volani ilisukumwa nyuma na juu. Kichwa cha mtu wa bandia kiligonga volani, kisha kikagonga dari na ule ubao wa chuma. Kioo cha mbele kilitoka chote mahali pake. Mlango wa shofere ulifunguka. Kiti kiling'oka sakafuni. Vipimo vilionyesha kwamba mtu wa kweli asingetoka mzima. Kufa ndiko kulikokuwa kunamngoja.

Katika Malibu, pua ilikuwa imeharibika kabisa. Lakini chumba cha watu kilibaki na umbo lake. Mkaba ulimshika shofere, mfuko wa hewa ukapokea kichwa na kifua chake. Vipimo vilionyesha kwamba mtu wa kweli angeweza kuumia kidogo mguuni. Angefungua mkaba na kutoka.

SABABU GANI?

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, kwa maana mtu asiyejua sababu husahau upesi.

Motokari ikienda mbio ya kilometre 64 kwa saa, wewe uliye ndani unaenda mbio ileile. Motokari ikigonga kitu, inasimama. Lakini mwili wako haujasimama bado. Unaendelea mbele kwa mbio ya 64 mpaka kitu fulani kiusimamishe. Swali lote la usalama ni hili: kitu gani kitakusimamisha, na kwa umbali gani?

Tuchukue mfano wa kazini. Mtu akianguka kutoka juu kwa metre 16, anafika chini na mbio ya karibu kilometre 64 kwa saa. Metre 16 ni kama nyumba ya ghorofa tano. Hakuna mfanyakazi anayekubali kutembea kando ya shimo la metre 16 bila kamba na bila ukingo. Lakini mfanyakazi yuleyule anakaa katika motokari inayokwenda 64, ao 80, bila mkaba, na hana hofu yoyote. Kwa 80, anguko ni la metre 25.

Sasa, mtu huyu anayeanguka, afadhali aanguke juu ya nini: juu ya mwamba, ao juu ya lundo la mchanga mwororo? Kila mtu anajua jibu. Mwamba unamsimamisha mara moja. Mchanga unabonyea, unamsimamisha polepole. Mbio ni zilezile, lakini umbali wa kusimama umeongezeka.

Tuhesabu. Tuseme mtu ana kilo 70, na mbio ni 64. Akisimamishwa katika umbali wa sentimetre 80, mwili wake unapokea nguvu ya kadiri ya kilo 1.400. Ni nyingi, lakini ikigawanywa juu ya mifupa ya bega, kifua na kiuno, mwili wenye afya unaweza kuivumilia kwa muda mfupi. Akisimamishwa katika sentimetre 8 tu, kwa kugonga chuma kigumu, nguvu hiyo inakuwa kilo 14.000, ndiyo tani 14. Hakuna kifua wala kichwa kinachovumilia tani 14.

Hiyo ndiyo siri ya pua inayojikunja. Kila sentimetre ya chuma inayopondeka mbele ni sentimetre moja ambayo mwili wako umepewa ili usimame polepole zaidi. Pua ya Malibu ni lile lundo la mchanga. Motokari inajiharibu yenyewe ili wewe usiharibike.

Lakini angalia vizuri: pua kupondeka peke yake haitoshi. Bel Air nayo ilipondeka sana, ila ilipondeka mahali pasipofaa, pale watu wanapokaa. Mambo matatu lazima yaende pamoja. La kwanza, pua iwe laini ya kutosha ili ipokee pigo. La pili, chumba cha watu kiwe kigumu kama sanduku, kisiingiliwe. La tatu, mtu afungwe na chumba hicho kwa mkaba, ili asimame pamoja na motokari, si baada yake.

Ukiondoa hilo la tatu, mawili ya kwanza ni bure. Mtu asiyefunga mkaba hapati faida ya pua kupondeka, kwa sababu motokari ikijikunja, yeye anaendelea kuruka mbele peke yake mpaka agonge kioo. Ndugu, shofere wa Malibu asiyefunga mkaba amejirudisha mwenyewe karibu na mwaka wa 1959.

WATU WALIJIFUNZA NAMNA GANI?

Elimu hii haikuanguka kutoka mbinguni. Ilitoka kwa watu waliokataa kusema «ni bahati mbaya tu».

Wa kwanza ni Mmarekani Hugh DeHaven. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia alikuwa akijifunza kuendesha ndege. Ndege yake iligongana na nyingine ikaanguka, na yeye akapona. Alijiuliza: kwa nini nimepona? Baadaye alichunguza habari za watu walioanguka kutoka nyumba ndefu na kuokoka, akazitangaza mwaka wa 1942. Aliona kwamba mwili wa mtu una nguvu kuliko tunavyodhani, ikiwa pigo limegawanywa vizuri na kitu kilichompokea kimebonyea.

Wa pili ni munganga wa jeshi la anga la Marekani, John Stapp. Yeye alijifunga mwenyewe juu ya kiti kilichosukumwa kwa roketi juu ya reli. Mwezi wa 12 mwaka wa 1954 alifika mbio ya zaidi ya kilometre 1.000 kwa saa, kisha akasimamishwa katika muda wa sekunde moja na nusu hivi. Macho yake yalijaa damu, lakini alipona, na aliishi mpaka mwaka wa 1999. Alionyesha kwa mwili wake mwenyewe kwamba mtu aliyefungwa vizuri anaweza kuvumilia mambo makubwa.

Na mwaka wa 1959 wenyewe, wakati Bel Air ilipokuwa ikitoka kiwandani na mabawa yake, huko Ulaya mambo mawili makubwa yalitokea. Kule Uswidi, injinia Nils Bohlin wa kompani Volvo alileta mkaba wa kushika mahali patatu, begani na pande mbili za kiuno, ule tunaoujua sote leo. Volvo iliruhusu makampuni mengine kuutumia bila malipo. Kule Ujerumani, Mercedes ilitoa motokari iliyotengenezwa kwa fikra ya injinia Béla Barényi: pua na mkia vinavyopondeka, na katikati chumba kigumu. Ndiyo kusema, elimu ilikuwako tayari mwaka uleule. Kilichokosekana ni nia ya kuitumia.

Marekani nia ilikuja baadaye. Mwaka wa 1965 mwanasheria Ralph Nader alitoa kitabu cha kushitaki makampuni ya motokari kwamba yanauza uzuri na kusahau usalama. Mwezi wa 9 mwaka wa 1966 Rais Johnson alitia sahihi sheria ya usalama wa motokari. Mwaka wa 1967 General Motors ilianza kutia mti wa volani unaojikunja katika motokari zake. Tangu mwaka wa 1968 kila motokari mpya ya kule ilipaswa kuwa na mikaba.

Matokeo? Mwaka wa 1966 watu zaidi ya 50.000 walikufa katika barabara za Marekani. Mwaka wa 2009 walikuwa chini ya 34.000, na huku idadi ya motokari na ya kilometre zilizosafiriwa ilikuwa imeongezeka sana. Si motokari peke yake zilizoleta hayo. Barabara, sheria za pombe na waganga wa haraka wamesaidia pia. Lakini sehemu ya motokari na mkaba ni kubwa.

Tuangalie tena jambo moja la kutufundisha. Mikaba ilitiwa katika motokari tangu 1968, lakini wengi waliikalia tu bila kuifunga. Jimbo la kwanza la Marekani kulazimisha watu kuifunga lilikuwa New York, mwaka wa 1984. Miaka 16 mkaba ulikuwa pale, na watu waliendelea kufa wakiukalia. Chombo cha usalama kisichotumiwa ni pambo tu.

MASWALI MNAYOWEZA KUULIZA

«Labda ile Bel Air ilikuwa imekula kutu?» Watu wengi waliopenda motokari za zamani waliuliza hivyo. Walisema tena kwamba moteri ilitolewa. Si hivyo: moteri ilikuwamo, na chama kilichagua motokari iliyo katika hali njema. Ni kweli kwamba shasi ya umbo la X ilikuwa dhaifu upande wa pembeni, na motokari nyingine za wakati ule pengine zingepondeka kwa namna nyingine. Lakini ule mti wa volani, ule ubao wa chuma, na ule ukosefu wa mkaba ulikuwa karibu katika motokari zote za siku zile.

«Nikiwa nyuma, je, kuna hatari?» Ndiyo. Mtu wa nyuma asiyefunga mkaba anaruka mbele na kumponda aliye mbele yake. Anaweza kuua ndugu yake bila kutaka.

«Nitajizuia kwa mikono.» Kumbuka kilo 1.400. Ni nani kati yetu anayeweza kuzuia kilo 1.400 kwa mikono miwili?

«Ninamshika mtoto wangu kwa nguvu.» Mtoto wa kilo 10, katika ajali ya namna hii, anavuta kama kilo 200. Hata mama mwenye upendo mkubwa hawezi kumshika. Na kama mama mwenyewe hakufunga mkaba, uzito wake wote unamlalia mtoto. Wala usifunge mkaba mmoja juu yako na mtoto pamoja, kwa sababu mwili wako utamponda. Mtoto mdogo akae nyuma, katika kiti chake kilichofungwa vizuri.

NA SISI, HUKU KWETU?

Wengi wetu hatuna Bel Air wala Malibu. Tunapanda bisi, kamyoneti za kazi, na motokari za mitumba. Lakini sheria ya mwili ni moja, Virginia kama Kolwezi. Katika njia ya Lubumbashi kwenda Likasi na Kolwezi, kamyo nzito zinapita mchana na usiku. Motokari ndogo ikigongana uso kwa uso na kamyo ya tani 40, kamyo haisimami; ni motokari ndogo inayorudishwa nyuma. Hapo hata pua bora ina mpaka wake. Kwa hiyo kinga ya kwanza inabaki ileile: kupunguza mbio, kutopita kamyo mahali pasipoonekana mbele, kutoendesha na usingizi wala pombe.

Anayepanda nyuma ya kamyoneti, juu ya mizigo, hana pua, hana chumba, hana mkaba. Yeye yuko chini hata ya mtu wa 1959. Shofere akipiga freni kwa nguvu tu, bila kugonga kitu, anaweza kumtupa barabarani. Mashefu wa kazi na mashofere, ninyi mna mamlaka ya kusema: «Motokari haiondoki.» Lisemeni bila haya.

Wanaonunua motokari ya mitumba, wasitazame rangi tu. Vuta kila mkaba kwa ghafula: lazima ushike. Tazama kama umekatika, umechanika ao umefungwa fundo. Mkaba uliokwisha kushika mtu katika ajali kubwa lazima ubadilishwe, kwa sababu nyuzi zake zimevutika. Ukifungua moteri, taa ya mfuko wa hewa iwake kidogo, kisha izimike. Ikibaki inawaka, kuna ubovu. Isipowaka hata kidogo, pengine mtu ameiziba ili usijue kwamba mfuko umekwisha kutumika. Mpeleke fundi anayejua.

Na tufikiri juu ya kaske, ile kofia ngumu tunayovaa kazini. Fungua uitazame kwa ndani. Utaona kamba zinazoshika kichwa chako, na kati ya kamba na kofia kuna nafasi tupu. Wengine wanadhani nafasi ile ni ya kuingiza hewa, ao ya kuweka sigara. Hapana. Nafasi ile ni pua ya Malibu. Jiwe likianguka, kamba zinavutika, na kichwa chako kinapewa sentimetre chache za kusimama polepole. Ukijaza nafasi ile vitu, umeifanya kaske yako kuwa Bel Air. Na kaske iliyopokea pigo kubwa irudishwe ghalani, hata kama huoni ufa.

TUKUMBUKE

1. Motokari kupondeka mbele si aibu. Ndiyo kazi yake. Chumba cha watu ndicho kisipondeke.
2. Funga mkaba kila safari, hata ya kufika sokoni tu, hata ukiwa nyuma.
3. Mkaba upite juu ya mfupa wa bega na chini ya tumbo, juu ya mifupa ya kiuno. Mama mwenye mimba afunge vilevile, sehemu ya chini ipite chini ya tumbo.
4. Watoto nyuma, kila mmoja mahali pake.
5. Hakuna mtu juu ya mizigo.
6. Tunza kaske na mikaba. Badilisha iliyopokea pigo.

Wazee wetu walisema kweli kwa neno moja: chuma cha Bel Air kilikuwa kigumu. Lakini mtu aliye ndani hakuwa wa chuma. Motokari ikiharibika, kuna ateliye na vipuli. Baba wa watoto akipotea, hakuna ghala linalomtoa mwingine.

Jioni hii, ukipanda kurudi nyumbani, vuta mkaba wako na usikie ukilia «tak». Kisha mtazame aliye pembeni yako, na umwambie afunge wake.